Tyubu Nambari Arubaini na Moja

Viti kumi na viwili vya plastiki
na hakuna aliyekaa.
Tumesimama, wanaume saba na mama mmoja wa buibui,
tunasoma bango la chanjo za watoto
kama wenye mtihani kesho.
Kila mtu hapa anajua kilichomleta mwenzake,
na kila mtu, ukimuuliza,
kaletwa na kikohozi.

Pale dirishani, mgongo ninaoujua:
Bwana Mwadime, msimamizi wa zamu yangu bandarini,
yule aliyenijibu mwaka juzi nilipoomba mto,
"Kiti ni kiti. Umeajiriwa kupakua, si kustarehe."
Akageuka. Tukasalimiana
kama watu waliokutana kwenye lifti.

Muuguzi Saumu Chivatsi haogopi neno.
"Bawasiri!" asema, kwa sauti ya mnadani,
na mlango u wazi.
Kisha masharti: tyubu ni aina mbili, zafanana kama pacha,
moja ina dawa, ya pili jeli tupu.
Nani kapewa ipi, yeye hajui, daktari hajui,
ajuaye ni mtu mmoja Nairobi na bahasha yake.
Pakaa asubuhi, pakaa usiku,
na kila siku uandike:
maumivu, sifuri hadi kumi,
damu, ipo au haipo,
muda uliokaa bila kuinuka.

Muda niliokaa!
Mimi ni wa kreni, Kilindini,
saa kumi na mbili ndani ya sanduku la kioo,
chini yangu kontena, kontena, kontena,
na chini yangu zaidi, karibu zaidi,
kaa la moto lisilozimika.
Hata msikitini, kwenye tahiyatu, nakaa upande,
na kwa kukaa upande nimegundua
safu yetu ina wenzangu wawili.

Mwanasiti aliiweka tyubu kwenye friji
nyuma ya chupa ya achari.
"Ya nani?" akauliza mtoto.
"Ya baba."
"Ya nini?"
"Ya kazi."
Na ubaridi wake, jamani!
Nakamua kiasi cha punje ya mbaazi, ndivyo walivyoagiza,
nimejikunja chooni, mkono mmoja ukutani,
mtu mzima
mwenye leseni ya kuinua tani arubaini.

Saba. Nane. Nane tena,
lakini jana nilikula viazi karai, na ile pilipili
niliijua tangu ikiwa kwenye kibakuli.
Siku ya kumi niliandika: *Sita. Meli ya ngano. Upepo.*
Saumu akaupiga mstari upepo.
"Nipe nambari. Hadithi peleka barazani."
Tano. Tano. Nne.
Nikaanza kuipenda, kisha nikaishuku:
je, napona,
au ni ubaridi tu unaonibembeleza?

Jumatatu nikapanda ngazi zangu zote,
nikafungua mlango wa kioo,
na juu ya kiti, mto.
Wa duara, tundu katikati,
bei bado imebandikwa, jina hakuna.
Nilikaa kwanza kwa nusu, kama mgeni.
Kisha nikakaa.
Kontena zikashuka siku hiyo
kama mtu anayelaza mtoto.

Usiku, kwenye daftari: *Mbili.*
Kalamu ikasita.
Nilitia sahihi kwamba nitasema kweli,
basi nikaongeza: *Mto.*

"Mto gani?" Saumu akasimama.
"Umetuvurugia hesabu, wewe!
Sasa tutajuaje ni jeli au ni huo mto?
Na nani kakupa?"

Mlango, kama kawaida, u wazi.
Viti kumi na viwili, watu wima,
na dirishani Bwana Mwadime anasoma bango,
surua, pepopunda, kifaduro,
kwa makini ya mtu aliyejaliwa mtoto usiku wa jana.

"Sijui," nikasema.

Naye, bila kugeuka,
akakohoa.